Kushuka kwa Baiskeli Kutoka Milima ya Usambara Hadi Pwani

 

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kupanda mlima kwa baiskeli: namna ya kuchagua gia, namna ya kutunza pumzi, na kwa nini si aibu kushuka ukaikokota baiskeli yako. Leo tunageuza uso. Tutazungumza juu ya kuteremka, na mfano wetu utakuwa ni safari ya kutoka Magamba, juu ya mji wa Lushoto katika Milima ya Usambara, mpaka Pangani kwenye Bahari ya Hindi. Ni mwendo wa kilometa 170 na zaidi kidogo. Mtu mwenye afya ya kawaida aweza kuumaliza kwa siku nne bila kujitesa.

Najua wako watakaosema, "Kupanda kunataka mafunzo, lakini kuteremka je? Hata gunia la viazi likisukumwa hushuka lenyewe!" Ni kweli, gunia hushuka lenyewe. Lakini tazama linavyofika chini.

Basi neno la leo ni moja: kuteremka ni kazi. Ni kazi ya breki, ya macho na ya akili. Katika kupanda, mtu akikosea huchoka. Katika kuteremka, mtu akikosea huumia, na pengine hufa. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, lakini hawakusema kwamba kila ashukaye hufika salama. Hilo ni juu yetu kujifunza.

BAISKELI YA MLIMANI NI NINI?

Baiskeli ya mlimani ni baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya njia mbovu. Matairi yake ni mapana, sentimeta tano au zaidi, tena yana meno ya kushika udongo. Usukani wake ni mpana na umenyooka. Fremu ni imara, gia ni nyingi, na baiskeli nyingine zina shokapu za kupunguza mshtuko wa mashimo na mawe. Breki zake ni za namna mbili: ziko zinazobana rimu kwa raba, na ziko zinazobana sahani ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu, ambayo mafundi huiita diski.

Baiskeli hii haikubuniwa na wasomi waliokaa mezani. Ilizaliwa California, nchi ya Marekani, katika miaka ya 1970, mikononi mwa vijana waliokuwa wakichukua baiskeli nzito za zamani na kuziteremsha katika njia za vumbi za Mlima Tamalpais na vilima vya jirani. Njia moja waliyoipenda ilishuka meta 400 hivi katika mwendo usiofika kilometa nne. Tarehe 21 Oktoba 1976 walishindana hapo kwa mara ya kwanza. Baiskeli zile zilikuwa na breki ndani ya habu ya nyuma, ile inayoshika ukikanyaga pedali kinyumenyume. Walipofika chini, habu ilikuwa imepata moto hata grisi yake ikaungua na kutoa moshi, na kabla ya kushuka tena iliwabidi kuifungua na kuijaza grisi mpya. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack, yaani "jaza tena".

Mwaka 1977 Joe Breeze, mmoja wa vijana wale, alianza kuunda baiskeli mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza baiskeli za namna hii zilizotengenezwa kiwandani kwa wingi. Na mwaka 1996 mashindano yake yaliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta.

Nimeieleza habari hii kwa sababu moja. Vijana wale walikuwa hodari wa mbio, lakini jina walilolipa njia yao halikutokana na mbio. Lilitokana na breki zilizoungua. Tangu siku za mwanzo za baiskeli ya mlimani, jambo kubwa limekuwa ni moto wa breki, na ndilo jambo kubwa hata leo.

MOTO HUO WATOKA WAPI?

Sasa chukua kalamu na karatasi, tufanye hesabu kidogo.

Tuseme wewe una uzito wa kilo 70, baiskeli yako kilo 15, na mizigo yako kilo 15. Jumla ni kilo 100. Mji wa Lushoto uko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, chini ya mlima, iko kiasi cha meta 400. Kwa hiyo kutoka Lushoto mpaka Mombo unateremsha kilo 100 kwa kimo cha meta 1,000. Nguvu iliyomo katika mteremko huo yatosha kuchemsha karibu lita tatu za maji, tangu yakiwa baridi mpaka yatokote.

Hebu fikiri juu ya sufuria yenye maji lita tatu ikiwa mafigani, na kuni zinazohitajiwa kuichemsha. Moto wote huo unakuwa nao ukiwa juu mlimani, ingawa huuoni wala huusikii. Umewekwa na miguu yako iliyokupandisha, au na basi lililokupandisha. Ukiteremka, sharti utoke. Hauwezi kupotea bure.

Maji ya mto hufuata kanuni hiyohiyo. Huko Hale, mbele katika safari yetu, maji ya Mto Pangani huporomoka, na kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1964 kilijengwa ili kuitumia nguvu hiyo. Maji yakishuka huzungusha mitambo. Wewe ukishuka unapasha moto breki. Tofauti ni kwamba kule Hale mainjinia walipanga mapema nguvu ile iende wapi. Katika baiskeli yako, injinia ni wewe.

Nguvu hiyo ina milango mitatu ya kutokea. Mlango wa kwanza ni upepo unaokupiga kifuani. Mlango wa pili ni matairi yanavyosuguana na barabara. Mlango wa tatu ni breki. Ukienda kasi sana, upepo huchukua sehemu kubwa na breki hupumzika, lakini hapo huwezi kusimama upesi ng'ombe akikatiza njia. Ukienda polepole sana, breki huchukua karibu nguvu yote, lakini kidogo kidogo na kwa muda mrefu, kwa hiyo hupata nafasi ya kupoa. Hatari kubwa iko katikati: mtu anakwenda mwendo wa wastani, naye ameibana breki mfululizo, kilometa baada ya kilometa, asiiachie hata kidogo. Huyo anachemsha sufuria yake kwa haraka.

Sasa moto ukizidi hutokea nini? Kama breki zako ni za kubana rimu, rimu hupata moto, na hewa iliyo ndani ya mpira hupanuka. Kiraka chaweza kuachia kwa sababu solusheni imelainika, au mpira ukapasuka ghafula ukiwa katika kona. Kama breki zako ni za diski zenye mafuta, mafuta yaweza kuchemka. Yakichemka, utavuta mkono wa breki nao utaingia mpaka usukani bila kushika kitu chochote. Na raba za breki zikiungua, huteleza juu ya chuma kama sabuni.

NAMNA YA KUSHIKA BREKI

Kwanza, jua mkono upi ni wa breki ya mbele na upi ni wa nyuma, kwa maana baiskeli hazifanani. Zijaribu zote mbili mahali tambarare kabla hujafika penye mteremko. Usingoje mlima ukujaribie.

Pili, bana, kisha achia. Bana kwa nguvu mpaka mwendo upungue, achia breki ipate upepo, halafu bana tena. Usiegemee breki kama mtu aegemeaye ukuta. Watumie mbele na nyuma wasaidiane, mmoja asibebe mzigo wote.

Tatu, elewa kazi ya breki ya mbele. Wengi huiogopa, wakitumia ya nyuma peke yake. Lakini unaposimama, uzito wako wote huelekea mbele, na gurudumu la mbele hukandamizwa chini. Kwa hiyo ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Litumie, ila kwa adabu. Rudisha makalio nyuma ya kiti, shusha kifua, legeza viwiko, na pedali zote mbili ziwe usawa mmoja. Ukifanya hivyo hutarushwa juu ya usukani.

Nne, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Tairi lina kazi mbili: kukushikilia unapokunja, na kukusimamisha unapobana breki. Ukilipa kazi zote mbili kwa wakati mmoja juu ya changarawe au tope, litakataa zote mbili. Basi bana kabla ya kona, achia, kunja, kisha endelea.

Tano, kumbuka hesabu hii. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimamia hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Baiskeli inayokwenda kilometa 20 kwa saa, ikiwa inasimama kwa meta tatu tangu breki iliposhika, basi ikienda kilometa 40 kwa saa itataka meta 12. Tena kabla ya breki kushika uko ule muda wa kushtuka. Kwa mwendo wa kilometa 40, sekunde moja tu ya kushtuka hukupeleka meta 11. Mtoto aliyekimbilia mpira barabarani hajui hesabu hii. Wewe unaijua, kwa hiyo ni wajibu wako.

Sita, pumzika. Ukihisi harufu ya kuungua, au mkono wa breki umekuwa laini kuliko ulivyokuwa juu, simama. Kaa kivulini, ungoje vyuma vipoe vyenyewe. Usiguse rimu wala diski kwa kidole, na usiimwagie maji diski yenye moto, kwa maana chuma chaweza kupinda.

Na pale penye mwinamo mkali kuliko uwezo wako, teremka uikokote. Huko mashariki ya Kongo, katika milima ya pande za Goma, watu huteremsha mizigo mizito kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na pedali. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Watu wale hawakusoma hesabu tuliyoifanya sasa hivi, lakini wanaijua kwa miguu yao: mzigo ukizidi, moto huzidi, na mwendo sharti upungue.

KABLA YA KUONDOKA

Kagua mambo haya jioni kabla ya safari, wakati fundi bado yuko kibandani kwake. Raba za breki ziwe nene. Zikibaki nyembamba kama sarafu, badilisha. Waya wa breki usiwe na uzi hata mmoja uliokatika, hasa pale unapoingia katika mkono wa breki. Zungusha gurudumu uone kama linayumba, na bonyeza spoku zote mbilimbili. Iliyolegea itakwambia yenyewe. Kaza nati za magurudumu na za usukani.

Chukua pampu, mpira wa ndani mmoja wa akiba, viraka na solusheni, spana zinazofaa, raba mbili za breki, na helmeti, yaani kofia ngumu. Mizigo ifungwe chini na iwe sawa pande zote mbili, isipepesuke. Ile mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu ndiyo kamba nzuri kuliko zote kwa kazi hii, ila hakikisha hakuna ncha inayoning'inia karibu na spoku.

Chagua majira. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, na vuli, kuanzia Oktoba mpaka Desemba, udongo mwekundu wa milimani huteleza, na mvua kubwa huweza kuporomosha mawe barabarani. Breki za rimu zikilowa hupoteza nguvu nyingi. Hazishiki mpaka raba zifute maji kwanza. Kwa hiyo wakati ufaao ni kuanzia Juni mpaka Septemba, au Januari na Februari.

Huenda ukauliza, "Je, Phoenix yangu haifai?" Inafaa, ukiiweka katika barabara nzuri, ukapunguza mzigo, na ukakubali kuikokota penye mwinamo. Lakini ile breki yake ya vyuma haikuundwa kwa kimo cha meta 1,000. Usiipeleke katika njia za msituni zenye mawe na mizizi.

SIKU YA KWANZA: MAGAMBA MPAKA MOMBO

Tunaanzia Magamba, penye msitu wa hifadhi. Asubuhi ni baridi na pengine ukungu haujaondoka. Ukitaka kupita katika njia za ndani ya msitu, nenda kwanza katika ofisi ya hifadhi, ulipe kinachotakiwa na upate mwongozaji. Vaa koti na glavu, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kubana breki vizuri.

Kutoka Magamba unateremka mpaka Lushoto, mji ambao wakati wa Wadachi uliitwa Wilhelmstal. Kisha unashika barabara ya kwenda Soni na Mombo, kilometa 33 hivi. Pande zote ni mashamba ya viazi, kabichi na karoti, na miti ya maplamu na mapeasi. Soni, simama upumzishe breki na utazame maporomoko ya maji yaliyo karibu na barabara. Hapo usijidanganye kwamba kazi imekwisha. Kutoka Soni kwenda Mombo ndipo penye kona nyingi na mteremko mkubwa, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili.

Barabara hii ni ya watu wote. Utakutana na mabasi, malori ya mboga, pikipiki, mbuzi, watoto wa shule, na akina mama wenye mizigo ya kuni kichwani. Mama aliyebeba kuni hawezi kuruka kando upesi. Piga kengele mapema, punguza mwendo, toa salamu, kisha pita. Shika upande wako wa kushoto, na katika kona usiuvuke mstari wa katikati hata kama husikii gari. Gari linalopanda huweza kuwa kimya, na baiskeli inayoshuka ni kimya zaidi.

Njia hii ya mlima na bahari ni ya zamani. Katika karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyekaa Vuga, si mbali na Soni, alitawala kutoka mlimani mpaka sehemu za pwani. Mmisionari Ludwig Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848, na mfalme akafariki mwaka 1862. Wajumbe na wafanyabiashara wa siku zile walikwenda njia hii kwa miguu. Reli iliyojengwa kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905.

SIKU YA PILI NA YA TATU: TAMBARARE

Wengi hudhani kwamba kutoka mlimani mpaka baharini ni mteremko mtupu. Rudi katika hesabu yetu. Katika kilometa 33 za kwanza kutoka Lushoto umeshuka meta 1,000. Sasa uko Mombo, meta 400 tu juu ya bahari, nawe umebakiwa na kilometa 140 hivi. Yaani kwa wastani kila kilometa moja inashuka chini ya meta tatu, na katikati yake viko vilima vya kupanda. Mlima umekwisha kukulipa. Kuanzia hapa, chakula ulichokula ndicho kitakachokupeleka.

Kutoka Mombo mpaka Korogwe, mji ulio kando ya Mto Pangani, ni kama kilometa 40. Kutoka Korogwe kupita Segera na Hale mpaka Muheza ni zaidi ya kilometa 50. Hii ni barabara kuu ya malori na mabasi, na hatari yake si breki zako tena, bali ni za wenzako. Ondoka alfajiri kukishapambazuka. Vaa nguo za rangi kali. Mkiwa wengi, fuataneni mmoja mmoja. Usiweke visikizi vya muziki masikioni. Magari mawili makubwa yakikutana karibu nawe, toka kabisa barabarani usimame. Na jua likizama, uwe umekwisha fika, usiendeshe usiku.

Joto nalo limebadilika. Kwa desturi, kila ukishuka meta 1,000 hewa huzidi joto kwa digrii sita hivi. Mtu wa mlimani aliyetoka Lushoto na sweta yake huona kama ameingia jikoni. Kunywa maji kabla ya kuona kiu, kula chakula chenye chumvi kidogo, na pumzika kivulini tangu saa tano mpaka saa tisa. Ukiona kichwa kinauma, kizunguzungu, na jasho limekauka, simama mara moja, tafuta kivuli, jilowanishe maji, na mwite mwenzako. Hali hiyo ni ya hatari.

Jambo jingine ambalo halionekani ni malaria. Juu milimani kwenye baridi mbu wake ni wachache, na wenyeji wa huko hawana kinga kubwa mwilini kama watu wa tambarare. Kwa hiyo lala ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza Mombo. Tena ukumbuke kwamba ugonjwa hauonekani siku ileile. Huchukua siku saba au zaidi tangu mbu alipouma. Mtu hurudi kwao Lushoto amefurahi, halafu juma la pili anapata homa, naye anadhani ni uchovu wa safari. Ukipata homa baada ya safari kama hii, nenda zahanati upimwe, na umwambie mganga kwamba ulilala tambarare na pwani. Maneno hayo machache yaweza kuokoa maisha yako.

SIKU YA NNE: MUHEZA MPAKA PANGANI

Muheza tunaiacha barabara kuu. Tunashika njia ya kuelekea Pangani, chini ya kilometa 50. Hapa matairi mapana yanapata tena kazi yake. Punguza hewa kidogo penye mchanga, ili tairi litandae lisizame, kisha ujaze tena ukifika penye udongo mgumu.

Utaona mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari. Zao hili lina habari yake: mwaka 1893 Mdachi mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani, na miche 62 iliyosalia ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Hiyo ndiyo asili ya mashamba makubwa ya mkonge ya nchi hii.

Baadaye minazi huongezeka, upepo hubadilika ukaanza kuwa na harufu ya chumvi, na mbele yako unauona mto mpana, kivuko kinachokwenda Bweni, na nyuma yake bahari. Umefika Pangani.

Kabla hujaosha vumbi, tazama mto huo. Maji yaliyoporomoka Soni, pale ulipopumzisha breki siku ya kwanza, nayo huteremka mpaka tambarare, yakaungana na maji yatokayo Kilimanjaro na Meru, na kuishia hapa ulipo. Yameshuka kimo kilekile ulichoshuka wewe. Mahali yaliposhuka taratibu yamenywesha mashamba. Mahali yaliposhuka kwa kasi bila kuzuiwa yamechimba makorongo na kubeba udongo wa watu. Nguvu ni ileile.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

Kiongozi wa kikundi awasomee wenzake maswali haya, nao wajibu kwa zamu.

1. Mtu mwenye kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 20, akiteremka meta 500, nguvu yake ingechemsha maji kiasi gani? Mtatumia hesabu ya lita tatu tuliyoifanya.

2. Milango mitatu ya kutokea nguvu ni ipi? Ni mlango upi unaoweza kuutawala mwenyewe?

3. Kwa nini tunabana breki kabla ya kona na si ndani ya kona?

4. Katika sehemu yenu, ni mteremko upi ambao watu wameumia kwa baiskeli au pikipiki? Sababu ilikuwa nini: mwendo, mzigo, breki, au barabara? Andikeni majibu yenu, na mwangalie kama kuna jambo ambalo kijiji chaweza kulitengeneza, kama vile kuweka alama kabla ya kona au kufyeka majani yanayoziba macho.

5. Kila mmoja alete baiskeli yake katika mkutano ujao. Mkaguane breki, wawili wawili. Atakayekuta waya uliokatika nyuzi asimcheke mwenziwe, bali amwambie.

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya kunyoosha gurudumu lililopinda na kukaza spoku. Njoni na ufunguo wa spoku kama mnao. Mpaka hapo, teremkeni polepole, kwani mwenda pole hajikwai. Kwaherini.